Barabara ya kulipia haijauzwa

Kampuni ya kigeni ikianza kutoza magari, wengi husema serikali imeuza barabara. Sivyo. Kwa kawaida kinachotolewa ni haki ya kuiendesha na kukusanya tozo kwa muda maalumu. Barabara yenyewe hubaki mali ya umma. Mwaka 2006 jimbo la Indiana, Marekani, liliikodisha barabara yake ya kulipia kwa miaka 75 kwa kampuni mbili, Cintra ya Hispania na Macquarie ya Australia, likapokea dola bilioni 3.8. Mwaka 2014 kampuni ambayo hizo mbili ziliiunda kuiendesha barabara hiyo ilielemewa na madeni, ikafilisika. Magari yaliendelea kupita, na mkataba ukachukuliwa na mwekezaji mwingine. Swali zito, ambalo wananchi wanapaswa kulikazania, ni urefu wa mkataba na kanuni ya kupandisha tozo.