Kwenye VBA, hofia =+ kuliko +=

Anayeingia kwenye makro za Excel akitokea JavaScript au C huandika `jumla += kiasi`, na papo hapo mstari unageuka mwekundu. VBA, lugha ya kuandikia makro hizo, haina alama hiyo ya kuongeza, wala haina `++` ya kuongeza moja. Unaandika kwa kirefu: `jumla = jumla + kiasi`.

Hapo hakuna hatari, kwa sababu umekatazwa waziwazi. Ninachokihofia ni mtu kuzigeuza alama katika kuhangaika kwake, akaandika `jumla =+ kiasi`. Hii inakubaliwa. Makro inakimbia hadi mwisho bila kulalamika, na hesabu inatoka ya uongo. Mhasibu mmoja aliwahi kuniletea faili la michango ya kikundi chao: majina yamejaa ukurasa, lakini jumla inasoma 15,000, yaani mchango wa mtu wa mwisho kwenye orodha. Kwa VBA, ile `+` ni alama ya chanya tu iliyokaa mbele ya `kiasi`, kwa hiyo kila mzunguko ulikuwa ukifuta uliotangulia. Tulisahihisha mstari mmoja, pesa za watu zikaonekana.

Mtego wenyewe ni wa zamani. Katika lugha ya B, aliyoibuni Ken Thompson pale Bell Labs, ufupisho huu uliandikwa hivyohivyo: `=+` na `=-`. Tabu ilikuwa `i=-10`. Je, ni kupunguza 10, au ni kuweka hasi 10? Ndiyo maana C, iliyozirithi, ikaja kuzigeuza miaka ya 1970 zikawa `+=` na `-=`. Visual Basic, ndugu yake VBA, ilizipata 2002 ilipohamia .NET, jukwaa jipya la Microsoft. VBA, iliyoingia Excel mwaka 1993, haikuguswa.

Kwa hiyo kwenye VBA bado tunaandika kwa kirefu, na urefu huo unaumiza zaidi pale unapoongeza thamani ya seli, kwa kuwa anwani yote inarudiwa kulia na kushoto. Siku ukibadilisha D2 upande mmoja ukasahau wa pili, umeharibu daftari. Mimi hutumia `With`:

```
With Worksheets("Michango").Range("D2")
    .Value = .Value + kiasi
End With
```

Anwani imetajwa mara moja. Ila usiiweke ndani ya mzunguko wa mistari elfu kadhaa, maana kila kuigusa seli kunakula muda. Jumlisha kwenye kigeu (jina linaloshika thamani, kama `jumla`), kisha andika kwenye seli mara moja mwishoni. Na kigeu cha pesa kisiwe cha aina ya `Integer`, yaani namba kamili: kinaishia 32,767, kiasi ambacho shilingi hukipita mapema sana. Tumia `Currency`, aina iliyowekwa kwa ajili ya pesa.

Wanaotamani ufupi zaidi hujitengenezea utaratibu wao:

```
Sub Ongeza(ByRef n As Currency, ByVal k As Currency)
    n = n + k
End Sub
```

Ukiandika `Ongeza jumla, kiasi`, `jumla` inaongezeka kweli, maana `ByRef` inapeleka kigeu chenyewe, si nakala yake. Lakini ukiizungushia mabano, `Ongeza (jumla), kiasi`, VBA inapeleka nakala tu, na `jumla` inabaki vilevile. Ndivyo inavyokuwa pia ukiipa `Range("D2").Value`: seli haibadiliki, wala huonyeshwi kosa lolote. Kwa seli, rudi kwenye `With`.