"Ni majani tu": kosa kuhusu dawa ya Kichina ya kisukari

Xiaoke Wan, vidonge maarufu vya kisukari nchini China, si majani matupu. Kila kidonge kina miligramu 0.25 za glibenklamaidi, dawa ileile ya hospitali ya kushusha sukari. Vidonge 10 ni miligramu 2.5. Ukiongeza juu ya tembe zako za dawa hiyo, umezidisha dozi bila kujua. Figo zikiwa dhaifu, dawa hukawia kutoka mwilini, hivyo sukari huweza kushuka tena saa kadhaa baada ya kunywa soda ya kuipandisha. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa: pima sukari. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa gramu 15 za sukari, rudia kupima baada ya dakika 15, kisha nenda hospitali, usilale. Mpelekee daktari boksi lenyewe. Likiandikwa Aristolochia (mmea wenye sumu), usimeze kabisa: asidi yake huua figo.