Singapore 1942, kamanda alizembea au mechi ilishaisha?

Kijiweni kwetu Moshi kahawa ikishamiminwa tu stori za vita zinaanza, na jeshi lolote lililopigwa utasikia "kamanda alikuwa mzembe". Mfano unaopendwa ni Singapore, kisiwa cha Waingereza kilichotekwa na Wajapani kwenye Vita vya Pili vya Dunia chini ya kamanda Mwingereza Arthur Percival, eti mizinga ya Waingereza ilitazama baharini haikuweza kugeuka, Wajapani wakapita nyuma kiulaini.

Naelewa kwa nini imeshika, ni stori fupi na ina mtu wa kumlaumu. Ila mizinga mingi mikubwa iligeuka na ikapiga nchi kavu kabisa, shida makombora yake mengi yalikuwa ya kutoboa chuma cha meli, yakizama kwenye udongo hayamsumbui sana askari aliyetawanyika. Halafu Wajapani waliposhuka Malaya, nchi iliyo kaskazini mwa kisiwa hicho, Desemba 1941 wana vifaru, Waingereza pale hawana hata kimoja, ndege nazo chache na za kizamani. Siku ya kusalimu amri, 15 Februari 1942, mabomba ya maji mjini yamepasuka na raia karibu milioni wamebanana humo.

Sisemi Percival hakukosea jamani, kujenga ngome upande wa kaskazini alichelewa sana. Lakini vifaru na ndege viligawiwa London, sio mezani kwake.

Kucheki mwenyewe sio kazi, tafuta alikabidhiwa jeshi lini, aliomba nini akapewa nini, na usome simulizi za upande wa pili pia.

Mzee mmoja kijiweni akauliza tu, "bila maji ungepigana siku ngapi?", akaagiza kashata.