Je, wajua kwa nini wiki ya saa 168 huisha bila mtu kujua imeishia wapi?

Wiki ina saa 168. Anayelala saa 8 kila usiku hutumia 56 kati ya hizo, na mwajiriwa anayefikia kikomo cha saa za kawaida kilichowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, yaani saa 45 kwa wiki, hubakiwa na saa 67 ambazo hazimo kitandani wala kazini. Muulize mtu huyo, awe karani wa Mtwara mjini au mwalimu wa Nachingwea, saa hizo zimekwenda wapi. Atakutajia chache, na zilizobaki atasema zilikwenda kwenye "mambo mengi". Kwa nini ashindwe kueleza muda alioutumia mwenyewe, tena juzi tu?

Sababu ya kwanza ni kwamba kumbukumbu hushika matukio kuliko inavyoshika muda. Safari ya msibani Masasi hukumbukwa kwa miezi, lakini nusu saa ya kusubiri chenji, robo saa ya mazungumzo barazani na dakika 20 za simu kabla ya kuinuka kitandani hazikumbukwi hata jioni ya siku hiyohiyo. Huko Marekani, mtafiti John Robinson wa Chuo Kikuu cha Maryland alilinganisha saa za kazi ambazo watu walizitaja kwa kukadiria na zile walizoziandika katika shajara. Aliona kwamba makadirio huelekea kuzidi shajara, na kwamba wanaotaja saa nyingi mno ndio wanaozidisha zaidi. Si lazima wawe waongo, kwa kuwa aliyechoka huihesabu siku nzima kuwa ya kazi.

Msimu wa korosho unalionyesha jambo hili vizuri. Mkulima wa Tandahimba anayeamka saa 11 alfajiri atasema ameshinda kwenye korosho, na ni kweli. Hata hivyo, ukiifuata siku yake kwa karibu utakuta mwendo wa kwenda shambani, kuokota zilizodondoka chini ya mikorosho kabla jua halijawa kali, kutenganisha kila korosho na bibo lake, kubeba, kuanika na kuchambua. Siku ya kupeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kupima kwenyewe ni kwa dakika chache, ila foleni ya mzani inaweza kumaliza asubuhi nzima. Kichwani mwake hiyo yote ni kazi ya korosho. Akiiandika siku hiyo kwenye karatasi, kupima na kusubiri huwa mistari miwili, na ni huo wa kusubiri ambao anaweza kuupunguza, pengine kwa kuulizia mapema siku ambayo mzani hauna watu wengi.

Sababu ya pili ni kwamba shughuli hupandana. Mama anayemenya muhogo huku akimwangalia mtoto, na sikio lake likiwa kwenye chungu kilicho jikoni, anafanya kazi tatu, lakini akiulizwa atataja moja. Ndiyo maana tafiti za matumizi ya muda huweza kuuliza shughuli kuu na ile iliyokwenda sambamba nayo. Utafiti wa nguvu kazi uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mwaka 2014 ulikuwa na sehemu ya matumizi ya muda, na tafiti za namna hiyo zinaonyesha kwamba wanawake hutumia muda mwingi kuliko wanaume katika kazi za nyumbani zisizolipwa. Familia inayoandika pamoja jinsi ilivyotumia wiki yake haina budi kujiandaa kwa hilo, maana baadhi ya waume watashtuka.

Kwa maoni yangu, kwa anayetaka kuutawala muda wake, kuanza na ratiba ni kuanza mwisho. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda mfupi kuliko ule ambao kazi itachukua, hata pale ambapo kazi kama hiyo imewahi kumchelewesha. Ratiba iliyopangwa Jumapili usiku kwa makadirio ya namna hiyo huvunjika kabla ya Jumatano.

Kinachotakiwa kwanza ni daftari la kawaida. Chora safu 7 za siku, kisha igawe kila siku katika nusu saa, na uandike kilichotokea kwa maneno ya wazi: "nilisubiri bodaboda", wala si "usafiri". Usingoje hadi usiku, kwa sababu hapo utakuwa umeshasahau. Adhana ya adhuhuri, ya magharibi na ya isha zinatosha kukukumbusha, na kila mara utaandika saa chache tu zilizopita. Kwa upande wa simu usikadirie kabisa, kwani simu janja nyingi hutunza kwenye mipangilio yake idadi ya saa ulizoitumia kila siku. Chagua wiki ya kawaida, isiyo na harusi wala sikukuu.

Wiki ikiisha, jumlisha kwa mafungu, kisha tafuta fungu moja tu ambalo ni kubwa kuliko ulivyodhani na ambalo liko ndani ya uwezo wako. Foleni ya hospitali haimo humo. Safari tatu za sokoni kwa wiki kwa vitu ambavyo vingenunuliwa kwa safari moja zimo. Kabla ya kulipunguza, amua muda utakaopatikana utafanyiwa nini na saa ngapi, la sivyo utamezwa na simu au baraza bila wewe kuona. Baada ya mwezi, andika wiki nyingine na ulinganishe.

Mkulima aandike wiki moja wakati wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, mnamo Juni, na nyingine korosho zinapookotwa, mnamo Novemba, kisha apange kila kipindi kwa hesabu yake.