Kabla hujaanza kazi mpya, pita kwangu usaini FSS

Jumamosi moja niko jikoni kwa mama mmoja wa Kikongo, alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa huku Marekani, ananiwekea chai ya tangawizi na maandazi halafu anamwaga mezani mfuko mzima wa barua za hausingi. Nyingine hata hazijafunguliwa. Mimi ni mratibu wa programu za kujitegemea kwa wapangaji wa nyumba za serikali, kwa hiyo mifuko ya barua nimeizoea, ila siku ile hakuniita kwa ajili ya barua. Alitaka kujua kama alifanya sawa kukataa ovataimu. Kiwandani kwao wanafungasha kuku, supavaiza alimpa zamu ya ziada, akakataa. "Mwanangu, nikiongeza masaa kodi inapanda. Sasa nitakuwa namfanyia nani kazi, hausingi?"

Na hakukosea hesabu, ndo shida yenyewe. Hizi nyumba zilianza na sheria ya mwaka 1937, siku hizi ziko chini ya HUD, wizara ya nyumba na maendeleo ya miji, na wapangaji wengi hawalipi kwa ukubwa wa nyumba, wanalipa kwa kipato, kama asilimia 30 ya kinachobaki baada ya makato yanayoruhusiwa. Yaani mshahara ukiongezeka dola 100, kama dola 30 zinaenda kwenye kodi ya nyumba, bado serikali haijakata yake, bado fudistempu, ule msaada wa chakula, nazo zinapungua. Wanaosema watu wa hausingi hawapendi kazi hawajawahi kukaa na kalkuleta kwenye meza kama ile.

Nikamuuliza kitu kimoja tu, mama, FSS, ule mpango wa familia kujitegemea, umeshasaini? Hajui hata ni nini. Anakaa pale mwaka wa tatu.

Sasa nieleze taratibu, maana watu wakisikia serikali imetoa ruzuku ya kusaidia wapangaji wanakuja ofisini kuuliza cheki yao iko wapi. Hakuna cheki. Hela ya ruzuku inaenda kwa mamlaka ya nyumba ya mji, na sehemu kubwa inalipa mshahara wa mtu kama mimi, mtu wa kukaa na wewe, kukutafutia darasa la Kiingereza, deikea ya mtoto, mafunzo ya leseni ya malori, na kukusomea hizo barua. Mojawapo inaitwa ROSS, ilitokana na sheria ya nyumba ya 1998, inatolewa kwa miaka 3 na kila anayeomba lazima aoneshe mchango wa asilimia 25 kutoka pembeni, ndo maana unakuta darasa liko kanisani au mwalimu anajitolea, vyote vinahesabiwa. Ubaya wake miaka 3 ikiisha na ruzuku isipopatikana tena mratibu anaondoka, na wewe unaanza kujieleza upya kwa mgeni. Mimi mwenyewe nimeshapokea mafaili ya watu ambao nilikuwa mratibu wao wa tatu.

FSS ndo ninayoipenda zaidi, ipo tangu sheria ya 1990, na hapa ndo penye hela ya mpangaji mwenyewe. Inaitwa eskro lakini mimi kwa watu wetu naiita kibubu, na huwa wanaelewa hapo hapo. Tuseme siku unasaini mkataba familia inaingiza dola 1,500 kwa mwezi, makato tuyaache kwanza, kodi yako 450. Baadaye unapata kazi nzuri unaingiza 2,300, kodi inapanda inakuwa 690. Utailipa hiyo 690 kama kawaida, hakuna kukwepa, ila ile 240 iliyozidi mamlaka inaiandika kwenye akaunti kwa jina lako. Kwa mwaka ni 2,880. Miaka minne ya hivyo ni 11,520, na ukimaliza mkataba unakabidhiwa, haikatwi kodi ya mapato, na hakuna anayekuuliza unaenda kununua nini. Kuna wanaoweka malipo ya kwanza ya nyumba, kuna waliolipa madeni tu na sioni ubaya wowote.

Yule mama aliposikia akasema kumbe ni likelemba, ule mchezo wetu wa kupeana hela kwa zamu. Nikamwambia hapana mama, likelemba zamu yako inafika tu, hii ukivunja masharti hupati kitu.

Halafu kitu ambacho nakirudia mpaka watu wanachoka na mimi: hesabu yote inaanzia kwenye mshahara uliokuwa nao siku mkataba unaanza. Ukisaini ukiwa huna kazi, kila senti ya kodi inayopanda kwa sababu ya kazi inaingia kwenye kibubu. Ukisaini baada ya kupata kazi, mshahara ule ndo msingi wako, kilichopanda kabla yake kimeshaliwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja kaka mmoja, hana kazi, anataka kusaini, mimi siku hiyo nina vikao nikamwambia rudi wiki ijayo. Wiki ijayo akawa ameshaanza kazi ghalani, akarudi mwezi uliofuata na salari slipu mkononi anatabasamu. Tukasaini na mshahara ule ule. Hakujua alichopoteza, mimi nilijua, na nilimwambia, akacheka akasema ndo hivyo bwana. Mimi sikucheka. Tangu siku ile anayekuja kusaini hana kazi simpangii tarehe nyingine, kikao kitasubiri.

Masharti si mengi, ila yanawaponza watu kwa sababu mkataba ni wa Kiingereza na wanasaini huku wanaitikia tu yes yes. Omba mkalimani, hata wa kwenye simu, usione aibu. Mkataba ni wa miaka 5, ukiwa na sababu ya msingi unaweza kuongezewa mpaka 2. Aliyesaini lazima awe anafanya kazi au anatafuta kazi kweli kweli, na tangu kanuni zibadilike 2022 si lazima awe yule aliyeandikwa mkuu wa kaya, mtu mzima yeyote wa familia anaweza, kwa hiyo kama baba anaumwa mgongo mtoto wa miaka 20 anaweza kusimama. Mwisho wa mkataba mtu yeyote ndani ya nyumba asiwe anapokea ile hela taslimu ya ustawi, TANF. Hapa watu wanachanganya sana. Fudistempu haihusiki, Medicaid, ile bima ya afya ya serikali, haihusiki, SSI ya bibi, ile hela ya wazee na walemavu wa kipato kidogo, haihusiki, nimekuta familia imejitoa yenyewe kwenye programu kwa sababu bibi anapata SSI na jirani kawaambia haiwezekani. Jirani si HUD jamani.

Na hapana, ukimaliza hufukuzwi kwenye nyumba. Hilo nalo naulizwa kila wiki.

Nisikupambie lakini. Utafiti mkubwa wa taifa uliofuatilia FSS kwenye mamlaka 18 za nyumba haukuona kwamba kwa ujumla waliojiunga walipata kazi au mishahara zaidi kuliko ambao hawakujiunga, na waliofika mwisho walikuwa wachache. Mimi siushangai, kibubu peke yake hakikufundishi Kiingereza wala hakikuletei basi la saa kumi alfajiri. Ndo maana naamini zaidi ule mtindo wa Jobs Plus, ulijaribiwa kuanzia 1998 kwenye miji sita, wenyewe walifanya vitu vitatu kwa pamoja: ofisi ya kazi ndani ya mtaa wenyewe, kodi kutopanda ovyo mtu akianza kazi, na majirani kulipwa kupita mlango kwa mlango wakipeana habari za kazi. Dayton, Los Angeles na St. Paul walioutekeleza kikamilifu mapato ya wapangaji yalipanda kama asilimia 16. Na St. Paul wengi walikuwa Wahmong, wakimbizi kama sisi, lugha inawapiga chenga kama sisi. Hiyo ya majirani ndo siri yenyewe kwa maoni yangu, sababu watu wetu hawasomi barua, wanasikiliza mtu. Nasema haya huku Mei 2025 bajeti iliyopendekezwa na Ikulu ya Marekani ilitaka ruzuku hizi zifutwe, basi wewe endelea kuchelewa kusaini.

Turudi kwa mama. Jumatatu alikuja ofisini, tukasaini, alhamisi yake akamwambia supavaiza anataka ile zamu. Mamlaka inatakiwa kukupa taarifa ya salio angalau mara moja kwa mwaka, na ya kwanza ilipofika alinipigia simu saa moja asubuhi sauti inatetemeka, anasema mwanangu wameniletea deni. Barua za hausingi kwake zote ni deni. Nikamwambia nisomee namba. Akasoma, moja, tisa, mbili, nne. Nikamwambia mama hiyo si deni, hiyo ni yako, iko kwenye kibubu. Kimyaa. Akaniambia nisikate simu, nasikia anavaa miwani, anaisoma tena tarakimu moja moja.

Halafu akasema, "Sasa sikiliza, zamu ya usiku wanatafuta watu wawili, nimemwambia mdogo wangu wa jengo la nyuma aende leo hii."

Nikamuuliza, ameshasaini?

"Bado."

Mama, mwambie asiende popote, nakuja.