Asidi hufanya zaidi ya kuharakisha mmenyuko wa mwanga
Wanafunzi wengi wa kemia hapa Mombasa hushikilia kwamba asidi ikitiwa kwenye mmenyuko unaoendeshwa na mwanga, kazi yake ni kuuharakisha tu. Sivyo. Katika piridini, kwinolini na baadhi ya kampaundi nyingine ambazo pete yake ya atomu ina naitrojeni, atomu hiyo ya naitrojeni hubeba jozi ya elektroni isiyoshiriki katika kifungo chochote. Asidi huiletea protoni (yaani ioni ya hidrojeni), jozi hiyo ikafungwa nayo, na kinachopokea mwanga huwa si molekuli ileile tena, hivyo hata mazao ya mmenyuko yanaweza kuwa tofauti. Tena kwinolini iliyosisimuliwa na mwanga, yaani iliyopata nishati yake, huivuta protoni kwa nguvu zaidi kuliko ilivyokuwa gizani.

Kwinini, dawa ya malaria inayojulikana sana huku Pwani na ambayo ndani yake mna pete ya kwinolini, huonyesha jinsi jambo hili linavyohitaji uangalifu: katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa hung'aa rangi ya buluu chini ya taa ya urujuanimno, lakini ukitia chumvi ya mezani mng'ao hufifia ingawa asidi haijapungua, kwa sababu ioni za kloridi zilizomo katika chumvi hiyo huizima molekuli iliyosisimka kabla haijatoa mwanga. Ndiyo maana asidi ya hidrokloriki, ambayo nayo ina kloridi, haifai kwa jaribio hilo.