Bondia Akipanda Uzito, Mwili Wake Unakuwaje?

Je, kilo zikiongezeka na ngumi inakuwa nzito?

Inategemea ni kilo za nini. Ngumi huanzia kwenye unyayo, ikapanda nyonga, ikazunguka kiunoni na begani ndipo ifike mkononi. Misuli ya mapaja, nyonga na mgongo ikiongezeka, ngumi hunufaika. Mafuta ya tumboni hayampigi mtu. Bondia anayabeba tu raundi zote 12. Na misuli nayo ikimpunguzia kasi, mpinzani ataiona ngumi ikija.

Mbona wengine wakipanda ndipo wanang'ara?

Wengi wao walikuwa wanateseka kule kwenye daraja la chini. Mchukue bondia ambaye siku za kawaida ana kilo 75, naye anapigana uzito wa welta ambao mwisho wake ni kilo 66.7. Usiku wa kuamkia kupima uzito utamkuta kajifunika masweta mawili, midomo imepasuka, anatema mate kwenye kopo ili apungue gramu chache. Mkojo wake una rangi ya chai. Damu imepungukiwa maji, kwa hiyo moyo unadunda haraka zaidi kwa kazi ileile, na akiba ya wanga kwenye misuli imekwisha. Saa 24 za kunywa na kula kabla ya pambano mara nyingi hazitoshi kuyarudisha yote hayo. Akihamia super welta, yenye mwisho wa kilo 69.9, amepata nafuu ya kilo tatu na ushei. Kwa kweli hajaongeza chochote, amepunguza tu kujikausha, na watu wanasema kapata nguvu mpya! Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu bora kuliko zote za kupanda, maana kujikausha kumeshaua mabondia na kuharibu figo za wengine.

Na pumzi?

Misuli mipya inadai oksijeni, wakati moyo na mapafu ni vilevile. Raundi za mwanzo huenda asihisi tofauti. Kuanzia ya saba au ya nane ndipo mikono inaanza kushuka na miguu inakuwa mizito.

Je, atastahimili ngumi za wakubwa?

Hapa ndipo ninapoogopa. Misuli ya shingo unaweza kuijenga, na inasaidia kiasi kichwa kisitikisike ovyo, lakini fuvu na ubongo havipandi uzito. Septemba 2016, Kell Brook, aliyekuwa bingwa wa welta, aliruka hadi uzito wa kati kupambana na Gennady Golovkin. Alirusha ngumi nzuri, ila mfupa wa tundu la jicho ulivunjika na kona yake, yaani makocha wake, ikarusha taulo kusimamisha pambano raundi ya 5. Manny Pacquiao alitwaa mataji katika madaraja manane, lakini alipanda kwa miaka mingi, si kwa pambano moja.

Apande kwa mwendo gani?

Robo hadi nusu kilo kwa wiki inatosha, akinyanyua vyuma na kula protini gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Akiongeza kwa pupa, sehemu kubwa itakuwa mafuta. Mazoezi ya kupigana na watu wa daraja jipya ayaanze taratibu, akiwa na kinga ya kichwa, huku kocha akitazama raundi za mwisho kuliko za kwanza.

Akishindwa, si anaweza kurudi chini?

Kurudi ni kugumu kuliko kupanda. Machi 2003 Roy Jones Jr. alimpiga John Ruiz akachukua taji la uzito wa juu, akiwa na takriban kilo 87.5. Kisha akashuka hadi kilo 79.4. Novemba mwaka huohuo alimshinda Antonio Tarver kwa taabu, na Mei 2004 Tarver akamwangusha raundi ya 2. Umri wa miaka 35 nao ulikuwa na mchango wake, lakini mwili unaopunguzwa haraka hauchagui: misuli inaondoka pamoja na mafuta. Anayelazimika kushuka ajipe miezi, na apimwe na daktari kabla ya kusaini pambano.